Mchuuzi wa Mlango wa Uani

Hakuna mtu Bagamoyo aliyekuwa na duka kubwa kama la Mahfoudh bin Nasor, na hakuna aliyelisifu kama yeye mwenyewe. La mjini lilikuwa na milango minne, la pili lilikuwa Miono, la tatu Vigwaza. Yote matatu aliyarithi kwa baba yake, pamoja na ile tabia ya kuketi nyuma ya meza ndefu akingoja watu waje. Na zamani walikuja. Mume alifika mwenyewe, akataja alichoagizwa na mkewe, akapimiwa mchele na sukari ya mwezi mzima, mchukuzi akambebea hadi nyumbani.

Lakini mwaka ule wa hamsini na tatu, lo, duka lilikuwa linafukuza nzi! Watu wa Bagamoyo wana adabu mno, na adabu nayo ikizidi ni maradhi. Hakuna aliyemwambia Mahfoudh kwamba amemhama. Walipita dukani, wakamsalimu kwa salamu ndefu ya kuulizana mpaka hali ya mbuzi, wakaondoka na kiberiti kimoja. "Inshallah kesho, Bwana Mahfoudh." Kesho hiyo haikuja. Naye akalilaumu basi la Dar es Salaam, lililochukua watu asubuhi na kuwarudisha jioni na vifurushi. Akawalaumu vijana, akailaumu na mvua. Mwinyijuma, mshika mizani wake wa siku nyingi, aliitikia kila lawama, maana naye alikuwa na adabu.

Alhamisi moja kichwa kilimgonga, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Alipofika ukumbini alisikia kicheko kutoka uani, akasimama pale pale. Kilikuwa cha Zeyana, mkewe. Tangu homa imchukue binti yao Miza, wakamzika, kicheko hicho hakikusikika nyumba ile. Mahfoudh alikwisha jaribu kila njia. Alimletea udi, akamletea hariri na bangili, na Zeyana alishukuru, akavitia sandukuni. Sasa kusikia anacheka, moyo wa Mahfoudh uliruka kwa furaha. Angeishia hapo angekuwa mtu wa busara. Lakini alisogea, akachungulia.

Bi Mwaija wa Dunda, mchuuzi, alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi kana kwamba nyumba ni yake, kikapu kimefunguliwa mbele yake. Ndani mlikuwa na kanga doti mojamoja, hiliki, na majani ya chai yaliyofungwa kwenye vikaratasi, kila kimoja cha kutosha siku moja. Zeyana alikuwa ameshika kimoja, anakinusa.

"Alaa! Mke wa mwenye maduka matatu ananunua chai kwa mchuuzi!"

"Bwana, ni chai tu," Zeyana akasema.

"Chai tu! Kumbe mji mzima wanajua ila mimi? Bi Mwaija, funga kikapu chako, na mlango huu usiuone tena."

Bi Mwaija alifunga kikapu, akajitwisha, akatoka kwa mlango wa uani.

Zeyana hakununa, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Alimpakulia chakula kama kawaida, akamtilia maji ya kunawa, akajibu "Ndiyo, bwana" na "Hapana, bwana". Lakini jua likipanda alikuwa akienda kuketi karibu na mlango wa uani, mikono mapajani, asifanye lolote. Nyumba ikarudia kimya chake cha msiba. Mahfoudh alianza kuchelewa kurudi, si kwa kazi, maana kazi haikuwapo, bali kwa kuogopa kile kimya.

Ijumaa ya juma la pili, baada ya swala, alishindwa kuvumilia. Akaketi mkekani karibu naye.

"Zeyana, niambie kweli. Kikapu kile kina nini ambacho duka langu halina?"

Zeyana alimgeukia. "Bi Mwaija ananiita Mama Miza."

Mahfoudh akainamisha kichwa.

"Nyote mmeliacha jina hilo," Zeyana akaendelea. "Jirani wakija wananizungumzia bei ya samaki. Wewe unaniletea bangili. Mwanangu amefutwa kama hakuzaliwa! Bi Mwaija huingia hapa akasema, 'Mama Miza, wakumbuka yule mwizi wako alivyochukua hiliki zangu akazificha shavuni?' Basi nacheka, kisha nalia, kisha nanunua chai. Angeniuzia mawe ningenunua."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Mahfoudh alikuwa mzazi pia. Jina lile aliliepuka kwa kumhurumia mkewe, na kwa kujihurumia yeye. Alitaka kusema hivyo, akashindwa. Akavaa makubazi, akatoka.

Alikwenda Dunda kwa miguu, mchana kweupe, watu wakimtazama kwa pembe za macho. Bi Mwaija alikuwa kibarazani kwake akipepeta mchele.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

Ungo nusura umponyoke. Tajiri kumwamkia mchuuzi, wapi na wapi! "Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuomba urudi kwangu."

"Kwako nimefukuzwa. Sikio langu si la kufa, nimeambiwa nikasikia."

"Nilikosa, mama. Nilidhani unaninyang'anya wateja."

Bi Mwaija alicheka mpaka pumba zikamrukia usoni. "Nikunyang'anye? Wamejiondokea wenyewe! Zamani mwanamke alingoja kuletewa. Siku hizi anataka kushika mwenyewe, anuse, akatae, abembelezwe. Anataka chai ya leo, hataki gunia. Mwenye haraka anapanda basi, asiye na haraka ananingoja mimi. Nawe umekaa nyuma ya meza yako kama kadhi, wangapi watathubutu?"

"Duka likifa na life," Mahfoudh akasema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Wewe rudi kwa mke wangu."

Hapo Bi Mwaija akauweka ungo chini. Alimtazama kwa huruma, lakini mchuuzi ni mchuuzi, na kila mwamba ngozi huvutia kwake. "Nitarudi. Ila chai naifuata Dar es Salaam, na mgongo umechoka. Niuzie ya kwako kwa bei ya jumla, mimi na wenzangu. Na mkeo asijue, haitamnogea."

Wakakubaliana. Maduka ya Miono na Vigwaza hayakumaliza mwaka, Mahfoudh aliyafunga, na roho ilimuuma sana. La mjini lilibaki na mlango mmoja wa maana, ule wa nyuma, ambamo wachuuzi wa Dunda waliingia asubuhi kujaza vikapu vyao.

Lakini siku ile Bi Mwaija aliporudi, Mahfoudh hakwenda dukani. Aliketi chumbani akisikiliza. Alisikia hodi, akasikia "Mama Miza, upo?", akasikia mlango wa uani ukifunguliwa kwa pupa. Wanawake wale wawili walizungumza mpaka jua likageuka, wakacheka na kulia vilevile kama alivyoambiwa.

Alasiri Zeyana akamletea kikombe.

"Onja. Hii ndiyo chai. Ile ya dukani kwako, bwana, uniwie radhi, ni vumbi tupu."

Mahfoudh akanywa. Gunia ilikotoka chai ile alilifungua kwa mikono yake mwenyewe juzi, na wallahi ulimi ulimwasha kwa hamu ya kujitetea. Akameza.

"Kweli kabisa," akasema. Kisha akainua uso, akamtazama. "Kweli kabisa, Mama Miza."

Zeyana akasimama na birika mkononi. Akaliweka chini polepole, akaketi kando ya mumewe, machozi yakimtiririka wala asiyafute.

"Sema tena," akamwambia. "Sema tena, Baba Miza."