Chumba Kilichokuwa kwa Mwalimu

Kinyozi alifungua mlango wa stoo kutafuta taulo safi, akakuta jiko la watu. Sufuria zilikuwa zimening'inizwa ukutani kwa kufuatana na ukubwa, birika lilikuwa likifuka mvuke, na dirishani ilionekana kamba ya nguo iliyokwisha kubomolewa pamoja na ua wake. Akazima moto, akarudi kummalizia mteja kwa taulo la jana, kisha akampigia simu Binti.

"Dada, jiko la mama yako liko kwangu."

"Limefika lote?"

"Lote. Hata ufagio."

"Basi picha imeingia vizuri. Usizime kompyuta."

Nyumba yao ilikuwa imevunjwa ili ipite barabara. Kabla ya tingatinga kufika, Binti alipiga picha kila chumba, ila hakutaka kuziweka zote pamoja. "Kitu kikikaa mahali pamoja," alisema, "mwenye mahali ndiye mwenye kitu." Akazunguka kwa majirani wenye kompyuta, akawawekea programu ambayo mashine hupeana mafaili zenyewe kwa zenyewe, bila mkubwa wa kukaa katikati. Kila faili lilikuwa na alama yake, mkururo mrefu wa herufi na namba uliotokana na kilichomo ndani. Ukigusa nukta moja tu, alama inakuwa nyingine. Anayelitaka haulizi liko wapi. Anataja alama, na aliye nalo anampa.

Kwamba picha zingegeuka vyumba hakuwaambia, kwa kuwa hata yeye hakujua mpaka chumba cha kwanza kilipotokea. Sebule ilitangulia kutokea kwa muuza dawa, nyuma ya rafu za dawa za kikohozi. Chumba cha kulala kilikwenda kwa mwalimu wa hesabu.

Mama alikuwa amestaafu kazi ya kushona mashuka ya hospitali, akiishi na Binti katika chumba kimoja cha kupanga. Sasa akawa na nyumba tena, ingawa kutoka jikoni kwenda sebuleni ilibidi avuke barabara. Asubuhi alichemsha chai kwa kinyozi na kuwasalimu waliokuja kunyolewa. Hakuchukua muda kugundua kwamba humo ndani hakuna kinachobadilika. Ukihamisha kikombe, ukipepesa macho kimerudi. Hata moto aliouzima kinyozi ulikuwa ukiwaka vilevile.

"Afadhali," Mama alisema. "Gesi haiishi."

Malalamiko ya Mama na Binti kuhusu nyumba iliyovunjwa yalimleta afisa wa ardhi. Walimpitisha jikoni, wakamketisha sebuleni, akainua macho akaisifu dari, akanywa chai yote.

"Nyumba nzuri, mama."

"Asante, mwanangu."

"Ila kwenye jalada letu, kile kiwanja kilikuwa kitupu. Nyasi tu."

"Na hicho ulichokalia?"

Afisa alikitazama kiti. "Kiti nacho kizuri," alisema, akaaga. Jalada lilibaki moja, katika kabati moja, likisema nyasi. Barabara haijapita mpaka leo. Kiwanja kimezungushiwa mabati.

Chumba cha kulala hawakumwonyesha. "Kule kuna mgonjwa," Mama alimwambia.

Picha ya chumba hicho ilipigwa siku Baba alipokuwa amelala akielekea ukutani, blanketi limemfika mabegani. Walimzika kabla nyumba haijavunjwa. Kwa hiyo kwa mwalimu, mlango wa pili ukishapita ukumbi, Baba alikuwa amelala, akipumua. Binti hakuwa na moyo wa kumgawia kila mtu picha hiyo. Alimpa mwalimu peke yake, maana ndiye aliyekuwa akicheza drafti na Baba na kugombana naye kila Jumapili.

Kila alasiri Mama alipiga hodi, akavua viatu, akaulizia hali za watoto, ndipo akaingia na kuketi kwenye kiti kando ya kitanda. Alimsimulia mumewe nani kanyolewa vibaya na nani kaposwa. Baba hakugeuka. Kitandani Mama hakuwahi kukaa, hata kwa ncha. Nyumba ya watu ni nyumba ya watu.

Kisha mwalimu akapata uhamisho.

"Shemeji," alisema, akitazama miguu yake mwenyewe, "niendako hata umeme wa kuaminika hakuna. Nikishaichomoa hii mashine, sijui mwenzangu atalala wapi."

Picha za awali zilikuwa kwenye kompyuta ya kazini kwa Binti, na kazi yenyewe ilikuwa imekwisha, hazipatikani tena. Mama alirudi nyumbani, akavaa miwani, akavuta kiti mbele ya kompyuta ya mtumba ya binti yake.

"Nifundishe. Naanzia wapi kumtafuta?"

"Hatafutwi mahali, mama. Unamtaja tu. Aliye naye atamleta."

"Namtaja kwa manamba haya yote?"

"Ndiyo jina lake huku."

Mama aliandika herufi moja moja kwa subira ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mashine ikanyamaza. Alikuwa ameweka herufi o palipotakiwa sifuri. Alianza upya, na safari hii ikaitika. Vipande vikaanza kufika: pindo la pazia, mguu wa kitanda, blanketi, kisogo.

Kwa mwalimu mizigo ilikwisha kupakiwa na wapagazi walikuwa wakimpigia kelele nje. Alisimama na mkono kwenye swichi mpaka simu yake ilipolia.

"Ameshafika, shemeji."

"Msalimie," alisema mwalimu, akazima.

Huko kwa Binti, chumba kilifunguka nyuma ya pazia la kufichia nguo. Mama alichungulia, akamgeukia Binti.

"Nenda kaninunulie uzi."

"Uzi gani?"

"Wowote."

Alipobaki peke yake alivua kilemba, akazunguka kitanda, akajilaza upande wake.

"Sogea, bwana. Umelala katikati."

Baba alikohoa kidogo, akasogea, kama alivyokuwa akisogea miaka yote.

Binti aliporudi, mashine ilikuwa ikionyesha alama asiyoijua. Aliikagua mara mbili, kisha akasimama karibu na pazia bila kulishika.

"Mama, hiki sasa ni kitu kipya. Hakuna mwingine duniani aliye nacho. Niwagawie majirani, kisije kikapotea?"

"Acha kwanza," sauti ya Mama ilitoka taratibu. "Ndiyo kwanza amepata usingizi."