Herufi Zenye Meno

Kwa mara ya nne bosi alizirudisha herufi za mchezo wa kompyuta. "Zina meno kama msumeno. Zilainishe!"

Mchoraji alishusha pumzi. Siku tisa alikuwa amezipanga kwenye skrini, kidoti kwa kidoti, kwa sababu bosi mwenyewe alitaka mchezo wenye sura ya michezo ya kizamani, yenye vidoti vinavyoonekana. Lakini kumweleza ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Uvumilivu ukamshinda. Akamshika bosi mkono, akampeleka mpaka mlangoni, pale jina la kampuni lilipoandikwa sakafuni kwa vigae vidogo vya mraba, lina meno yale yale.

"Na herufi hizi nazo tuzilainishe?"

"Thubutu! Hizo alizipanga marehemu baba, kigae kwa kigae!"

"Haya. Na zile nimezipanga mimi."