Mwaloni wa Baba Unanyauka

Mwaloni wa baba ulianza kugeuka manjano mwaka wa pili baada ya kumzika, nami nikatangaza kwamba mti unaomboleza. Niliutungia hata shairi: "Mwaloni wamlilia, babangu aliyelala." Nilimsomea mama, akalia, nikajua nimesema kweli.

Nicholas, Mkenya aliyekuja kila Jumamosi kututunzia bustani, alisikia pia. Aliacha kukata ua wa miti akacheka.

"Bosi Badr, hii mti haiombolezi mtu. Imekunywa maji mingi."

"Maji gani? Si wewe unayeufungulia mpira mara moja kwa wiki?"

"Hapo ndio mimi nashangaa."

Nilimwambia aendelee na ua wake.

Baba alikuja na kokwa tatu za mwaloni kutoka milima ya Jordan, alikopelekwa kusomea umeme. Moja tu ndiyo iliyoota. Nyumba zote za mtaa wetu hapa Al Khoudh, nchi ya jangwa, zina mitende na miarobaini. Yetu peke yake ilikuwa na mwaloni, na watu walisimamisha magari kuuliza ni mti gani. Alipolazwa mara ya mwisho hakuniusia nyumba wala mama. Alisema, "Badr, mti wangu usife."

Kwa hiyo sikukaa bure. Nilisoma mtandaoni kwamba jani likiwa manjano huku mishipa yake ni ya kijani, udongo wa chokaa unaunyima mti chuma. Nikanunua dawa ya chuma, nikaimwaga mwenyewe. Majani yakarudi kijani wiki tatu, nikatamba mbele ya kila mgeni. Kisha ncha za matawi zikaanza kukauka, na chini ya shina pakatoka utomvu mweusi kama lami.

Jumamosi moja ya Agosti nilichukua jembe nikachimba hatua mbili kutoka shinani. Miezi minne ilikuwa imepita hatujaona tone la mvua. Ukigusa ukuta wa nje unaungua kiganja. Lakini jembe lilitoka na tope, tope zito linalonuka yai viza.

Nicholas alikuwa kando anaokota majani. Nilimtupia bonge la tope miguuni.

"Umeniulia mti."

"Mimi?"

"Unafungua mpira, unakwenda kujilaza kivulini, unausahau!"

"Aki, bosi, mimi ndio nilikuambia maji ni mingi. Sasa naambiwa ni mimi nimeimwaga?"

"Ulisema ili ujikinge."

Aliweka mkasi juu ya ukuta, taratibu. "Wewe maneno unajua," akasema. "Mti hujui."

Ingekuwa afadhali angenitukana. Palepale mbele yake nilimpigia simu msimamizi wa kampuni yake, nikasema mtu wenu mzembe, mwongo, simtaki tena mlangoni kwangu. Gari lilikuja kumchukua kabla ya adhuhuri.

Mama aliona yote dirishani. Chakula cha mchana hakukigusa. Baada ya alasiri aliniita mkekani.

"Yule kijana ushamfukuza?"

"Ndiyo. Kaua mti wa baba."

"Hakuua yeye." Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Wallahi nlikuwa sitaki mtu ajue. Sadaka ikishajulikana nnaiona kama imepungua."

Kidogo kidogo akanieleza. Alipotoka eda, siku moja mimi niko kazini, aliita fundi bomba. Pale penye mifereji ya kutawadhia, karibu na mlango wa majlisi, sebule yetu ya wageni, fundi alikata bomba la maji machafu, akaunga jingine na kulipitisha chini ya ardhi mpaka kwenye mizizi ya mwaloni, kisha akarudisha vigae kama vilivyokuwa.

"Maji ya udhu yalikuwa yakenda chooni, mwanangu, yakichanganyika na uchafu. Nkasema bora yende kwa mti wa baba yako. Kila atakayetawadha kwetu, baba yako apate thawabu, hata mwenyewe asijue."

Nilipiga hesabu. Mara tano kwa siku, mama na mimi, na Ijumaa wageni wote wa majlisi. Na katika sisi sote hakuna aliyefungua mfereji kama mimi, ninayejisifu kwamba udhu wangu haukosi hata kisigino.

"Mama, huu ni mti wa mlima mkavu! Si mtende huu!"

Sikuwahi kumpazia mama sauti. Alitazama mikono yake.

"Mtende ndo nnaoujua mie," akasema. "Mtende unywe, ndo uzae." Kisha, bila kuinua uso: "Na yule kijana je?"

Kesho yake nilimkuta Nicholas Bandari ya Sultan Qaboos, alikopelekwa na kampuni yake, amepiga magoti anapanda maua mahali watalii wanaposhukia. Nilisimama juu yake. Hakuinuka.

"Nilikosea," nikasema.

"Ulikosea nini?"

Alinitaka nilitaje kosa lenyewe. Nikataja bomba, nikamtaja mama, na mwisho, kwa shida, nikajitaja mimi.

"Nimepewa barua ya onyo," akasema. "Ya pili ikija, narudishwa Machakos."

"Nitakwenda kwa msimamizi."

"Enda kwanza. Halafu tuongee mti."

Nilikwenda. Nilisema mbele ya msimamizi na wafanyakazi wawili kwamba nilimsingizia mtu. Mmoja wao alitabasamu, nami nikaendelea mpaka mwisho.

Ijumaa asubuhi, siku yake ya mapumziko, Nicholas alikuja. Sharti lake lilikuwa moja: nichimbe mimi, tena kwa mikono, kwa sababu jembe litakata hata mizizi mizima. Nilikuta kumbe miaka yote hii udongo umelirundikia shina. Nikaufukua mpaka pakaonekana pale linapotanuka kuwa mizizi. Mizizi ya upande wa bomba ilikuwa myeusi. Nikiishika, ganda linachomoka kama soksi. Nicholas aliikata kwa msumeno, akiupangusa kwa spiriti kila baada ya mkato. Upande wa mashariki tulikuta michache myeupe, migumu.

"Hizi ziko hai," akasema. "Si nyingi."

"Utapona?"

"Sijui, bosi. Shimo ibaki wazi ikauke. Usiweke mbolea, usiguse matawi. Maji usiweke mpaka nikuambie. Mwaka ujao, msimu kama huu, ikiwa na majani utajua."

Nililikata lile bomba kwa mkono wangu na kuliziba. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Na maji ya baba yako nyapeleke wapi?" aliuliza.

Nicholas alinitazama mimi. Adhana ya Ijumaa ilianza. Nilikuwa na tope mpaka viwikoni, nikageukia mifereji kwa mazoea, na mama akanidaka bega. Aliingia ndani akarudi na birika na ndoo. Alinimiminia yeye mwenyewe, uzi mwembamba wa maji, kiganja baada ya kiganja, yakidondokea ndooni, mbali na mti, huku Nicholas amekaa ukutani ameinamisha kichwa.

Nilipomaliza, mama aliinua ndoo. Aliibeba mpaka katikati ya uwanja, akasimama nayo, akitafuta pa kuyamwaga maji.