Saa ya Maji Kujaa

Maji ya chupa ile yalikuwa maangavu kiasi kwamba niliweza kusoma saa yangu ya mkononi kupitia kioo chake. Saa kumi na robo. Nikaiandika kwenye lebo kwa mwandiko wangu mzuri, chini ya tarehe, kama nilivyofundishwa. Mpima maji hasahau saa. Nilijivunia hilo, mimi mpumbavu.

Kwa miezi miwili mashine ilikuwa ikichimba lango la bandari ili meli kubwa zipite. Ilifukua matope yaliyolala tangu enzi za babu zetu, yakatanda juu ya majani ya chini ya bahari mpaka yakafa, na samaki wadogo wakahama. Kisha ikakata bomba la maji taka, na mkondo wetu wa mikoko wote ukawa rangi ya chai ya maziwa. Chaza hawakuwa na pa kwenda. Chaza hushika mzizi wa mkoko akabaki papo hapo maisha yake yote, akichuja maji yanayompitia, na uchafu humsalia tumboni.

Mkuu wa maabara aliniita wiki ya pili baada ya bomba kukatika.

"Nenda kachote maji saa ya kujaa," alisema, macho yake kwenye simu. "Tena uchote juu juu."

"Si huwa tunachota yakishatoka, Mkuu?"

"Unataka ajira ya kudumu, au unataka kunifundisha kazi?"

Nikacheka. Mengine yote naweza kuyatetea, lakini kile kicheko siwezi hadi leo. Wote wawili tulijua kwamba bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, huingiza maji safi ya bahari kuu na kuusukuma uchafu mbali. Ukichota saa hiyo, unapima bahari. Mkondo hujaupima.

Ripoti ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Jioni hiyo hiyo dada yangu akaja kwangu.

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alinisomesha kwa chaza wa mkondo ule, akiwabandua kwenye mizizi kwa patasi, na vidole vyake vina makovu yaliyonipeleka chuoni. Tangu bomba likatike hakuwa amevuna hata mmoja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni.

"Mdogo wangu, chaza wanalika?"

"Ripoti inasema maji yako salama, dada."

"Ripoti sijaiuliza. Nakuuliza wewe."

Ningekohoa tu, angeelewa. Ningeangalia pembeni, angeelewa. Nilimtazama usoni nikasema, "Wanalika."

Alfajiri akashika kapu lake. Kwa kuwa wateja walikuwa na wasiwasi, alienda nyumba kwa nyumba akiwahakikishia: mdogo wangu ndiye mpimaji, kaniambia mwenyewe kwa kinywa chake. Wakanunua. Siku ya tatu nusu ya mtaa ilikuwa inaharisha na kutapika. Wengi walipona. Mshonaji, jirani yake dada, aliyewashonea wana wa dada sare za shule na kumwachia dada kitambaa kilichobaki, hakupona.

Msibani hakuna aliyetaka kukaa karibu na dada yangu. Kapu lake lilichomwa moto mlangoni kwake, mchana kweupe, na watu aliowalisha miaka yote. Mimi barua yangu ya ajira ya kudumu ilitoka mwezi huohuo.

Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta ameibandua ile ripoti, ameiweka mapajani. Zile safu za tarakimu hazikuwa na maana kwake. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya lebo ya chupa iliyochapwa pembeni, chini ya tarehe.

"Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Saa kumi maji yalikuwa yamefika kwenye matawi ya mikoko, hata mizizi haionekani." Aliinua uso. "Wewe nimekubeba mgongoni kwenye mkondo ule. Unajua maji hutoka lini. Ulikwenda saa hiyo kufanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu. Nilikuwa na maneno ya Mkuu, ya mkataba, ya watoto wangu. Hakuyasubiri. Aliikunja karatasi mara nne, akaenda jikoni kutazama chungu chake.

Imepita miaka tisa. Bandari inapokea meli kubwa, na mikoko imesimama na mizizi mitupu. Dada hakunifukuza wala hakunitangaza kwa mtu. Nikienda kwake ananipa kiti, anauliza hali za watoto, na wanawe wananiita mjomba kama zamani.

Juzi nilimkuta jikoni akikata mboga, nguo ameanika nje. Nikamwambia, "Dada, mvua inakuja."

Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akatoka nje kuangalia mwenyewe.