Kaka Salmini Juu ya Chujio

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini Dodoma, kwenye maabara ya kupima usalama wa vipodozi, nimevaa koti jeupe na kanga ya mama kiunoni. Mbele yangu kuna bika, kile chombo cha kioo cha maabara, limejaa jasho. Si jasho la mtu, ni lile tunalolitengeneza wenyewe kwa maji na chumvi. Humo nimetia chembe za zinki za mafuta ya kukinga jua, yanayosubiriwa na watu wenye ualbino. Ni ndogo kiasi kwamba unywele ukilala kando yake ni gogo.

Kazi yangu ni hii: chembe ikiyeyuka, tunaihesabu kama zinki ya kawaida. Isipoyeyuka, lazima ijulikane inakwenda wapi mwilini.

"Mnakwenda wapi?" naziuliza.

"Tunamsubiri Salmini atangulie," inajibu moja.

Salmini ni kaka yangu. Alizaliwa na ualbino, akafariki kwa saratani ya ngozi nikiwa sekondari. Miaka hiyo, kwetu Kondoa, mafuta ya namna ile tuliyasikia redioni tu.

Anaingia bila hodi na kofia pana ya baba kichwani. Anavua viatu, anapanda kiti, anatumbukia ndani ya bika. Anaenea vizuri. Jasho linamfika kifuani.

"La moto kidogo."

"Ni joto la mwili, kaka. Ndivyo utaratibu unavyotaka."

"Haya, koroga."

Nakoroga. Kikorogeo kinalalamika kwamba hakijawahi kukoroga mtu anayeimba. Kisha namimina vyote kwenye chujio. Jasho linapita. Kofia inapita. Shati linapita na vifungo vyake. Kaka anabaki juu, amekunja miguu.

"Huyu hajayeyuka," chujio linatangaza. "Aeleze anakokwenda."

"Siendi popote," anasema kaka. "Nakaa kwa huyu mdogo wangu, Siwema. Siku nyingi niko kifuani, upande wa kushoto. Akisikia watoto wanacheza mpira, napanda kooni."

"Una madhara?" namuuliza, kwa sababu ndilo swali linalofuata.

Anafikiri. "Pale kooni nabana kidogo."

Nikaona hilo linavumilika.

Kufumba na kufumbua tuko uani Kondoa, jua la utosi, mama anapepeta mtama. Hainui macho. "Siwema, mwambie kaka yako arudi kivulini."

Maneno hayo niliyasikia utoto wangu wote. Nilikuwa nakwenda kumshika mkono, naye alikuja bila ubishi. Alisimama mlangoni mwa jiko akitutangazia mchezo kama mtu wa redio, akitupa majina makubwa makubwa, nasi tulikimbia kwa nguvu tusimwangushe. Sijapata kucheza mbele ya mtangazaji mwingine kama yeye.

Safari hii simshiki mkono. Chembe za zinki zinatoka kwenye bika na kujipanga mgongoni mwake, bega kwa bega.

"Sisi mwisho wetu hapa, juu ya ngozi," zinasema. "Usituamini. Tupime."

"Mama, amepakwa," nasema.

Mama anaweka ungo chini, anamtazama kwa muda mrefu. "Basi acheze."

Salmini anacheza kifua wazi mchana kweupe. Anafunga bao, anajitangazia mwenyewe, anashangilia hadi sauti inamkauka. Kisha anakuja kwangu akihema.

"Geuka. Mkono wa mtu haufiki katikati ya mgongo wake."

Nageuka. Kiganja chake ni cha baridi.

"Wenzangu wanayasubiri hayo mafuta," anasema nyuma yangu. "Wapimie vizuri, Siwema."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na mume wangu Shaibu alikuwa ameketi kitandani, ananitazama mgongo.

"Mama Rukia, nani kakupaka mafuta?"

Nilisogea kwenye kioo, nikageuza shingo. Katikati ya mgongo palikuwa na alama nyeupe ya kiganja, kipana kuliko changu na kuliko cha Shaibu. Nilimwambia aguse. Akagusa, akaniangalia, akanionyesha kidole chake. Mafuta yalikuwa bado mabichi.