Komeo la Josho

...skrini bado inaandika "ombi la kusitisha limepokelewa", wala programu haisimami, na Mma Kelebonye, mkuu wa masijala ya mifugo, kanisimamia begani, "Rra Mothibedi, umestaafu lakini programu hii ni kazi ya mikono yako, mbona haikusikii?", inanisikia, Mma, ila niliifunza kusikiliza kila kundi la rekodi linapomalizika, si katikati, na kundi lililomo sasa ni kubwa kuliko yote ya wilaya ya Ghanzi... mtu kachagua kanda isiyo sahihi, ng'ombe wa kaskazini wanaandikwa kusini, hayo yatasahihishwa, lakini seva imeishikilia masijala nzima, hakuna kibali cha kusafirisha kinachotoka, na malori ya machinjio yamejipanga uani juani na ng'ombe ndani, "Zima umeme, mzee!" anapayuka dereva dirishani, "au nipeleke mifupa?", wenzake wanaangua kicheko, nami kidole kiko juu ya kitufe cha kukatiza kwa nguvu... nikibonyeza, seva itaacha hapo hapo, kisha itaanza kumrudisha ng'ombe mmoja mmoja alikotoka, na kurudisha huchukua muda kuliko kwenda, masijala ikiwa imefungwa vilevile, hesabu hiyo naijua, lakini hesabu haina sauti na dereva anayo... baba naye hakuwa na sauti, siku ile joshoni, watu wakipiga kelele kwamba dawa imepungua nguvu, watoeni, watoeni, mjomba akamgeuza maksai katikati ya kipito, ng'ombe waliokuwa nyuma wakampanda, mguu wake ukavunjika kwa mlio, na tangu hapo komeo la lango la josho alilishika baba mwenyewe, "aliyeingia atokee upande wa pili, asiyeingia asubiri", wakamwita mkaidi, wakamwita mwanamke, akashika tu... "Basi nibonyeze mimi, Rra?", "Usiguse, Mma", sauti imetoka kavu kuliko nilivyokusudia, kumbe nilichokiogopa muda wote huu si seva, ni kile kicheko cha uani... kidole nimekiondoa, mikono yote miwili nimeikalia kama mtoto aliyekatazwa sukari, "Waambie wawanyweshe ng'ombe, bomba liko nyuma ya jengo", "Na wakiuliza mpaka lini?", "Mpaka wa mwisho atoke", anaguna, "Wewe na kichwa chako, Rra", viatu vyake vinashuka ngazi, na skrini inaandika yale yale, limepokelewa, limepokelewa, na kicheko kinaanza tena dirishani, na kicheke, komeo nimelishika...