Mkono Usiojua Moto

Rawhiya alipoingiza mkono mtupu katika kinywa cha tanuri, wanawake waliokuwa uani waliacha hata kutafuna. Mkono ulikwenda bila haraka, kama wa mtu achotaye maji mtungini, ukapita juu ya makaa ya mabua ya mahindi, ukatoka na mkate uliovimba na kuiva mgongo. Akauweka juu ya mkeka. Akaingiza tena.

"Mashaallah!" alisema Insaf, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Mimi nikigusa birika la chai tu nawaita mababu zangu wote kwa majina. Tawhida, huyu ulimzaa au ulimfinyanga?"

"Nilimzaa, na uchungu wake naukumbuka," alijibu mama yake Rawhiya. "Kilichofinyangwa ni mdomo wako, tena wakausahau motoni."

Wakacheka mpaka kuku wakatawanyika. Tawhida alicheka nao, lakini moyoni alimshukuru Mungu. Alikuwa mjane mwaka wa nane, na katika miaka hiyo hakuwa na shamba wala mtoto wa kiume wa kumsimamia. Alikuwa na tanuri la udongo na mkono wa bintiye. Kijijini walisema mkono ule una baraka. Penye harusi, penye matanga, Rawhiya huitwa kuoka, na watu hukaa wakitazama. Kila Ijumaa Tawhida alivishika viganja vile viwili, akavisomea Fatiha, akavipulizia. Na ni mkono huohuo uliomleta Hajati Wasila kutoka ng'ambo ya mfereji, kuja kumposea mwanawe Zeidan.

Siku ya kuvishwa dhahabu, herini hazikuingia. Matundu ya masikio yalikuwa yameziba. Insaf akaipitisha sindano kwenye ulimi wa moto, akaishika ndewe ya sikio la Rawhiya, akatoboa. Rawhiya alikuwa akimsimulia binamu yake habari za gauni, kwamba fundi amelibana kiunoni kupita kiasi. Sindano ikaingia, ikatokea upande wa pili, tone la damu likateremka shingoni; na habari za gauni hazikukatika hata kwa pumzi moja.

"Huyu ndiye mwanamke!" Hajati Wasila akapiga kigelegele, na wengine wakampokea.

Tawhida hakupiga. Yeye ni mtu ambaye huweza kumjua kuku aliyetaga kwa mwendo wake tu, na kumjua mgeni mwenye njaa kwa namna anavyoikataa sahani. Sasa aliitazama ndewe ile, nene, ngumu, inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, akajiuliza ni tangu lini haijui maumivu. Asubuhi ya pili, kwa kisingizio cha kupima hina, aliuchukua mkono wa bintiye akauangalia kama mtu asomaye barua iliyokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Makovu juu ya makovu. Kidole kidogo kimeanza kujikunja. Akaufinya kwa kucha, kwa nguvu zake zote.

"Unasikia?"

"Nasikia nini, mama?"

Wakaenda mjini. Daktari Irini alikuwa mama mfupi, mwenye msalaba mdogo uliochorwa kwenye kifundo cha mkono, na sauti isiyo na haraka. Alijaza chupa mbili nyembamba, moja maji ya moto, nyingine maji baridi, akamfumba Rawhiya macho kwa kitambaa.

"Niambie, binti yangu. Hii ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi."

Ilikuwa ya moto, mvuke bado unaonekana. Kwenye vidole alikosea. Kwenye kiwiko alikosea. Kwenye ndewe ya sikio hakujua kwamba ameguswa. Lakini chupa ilipopita chini ya kwapa Rawhiya aliruka na kucheka, "Ah! Inaunguza hiyo!" Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Tawhida machozi.

"Ni ukoma," alisema daktari, naye akalitamka neno lenyewe bila kulifunika shuka. "Ni vijidudu tu, mama, si laana. Tena vina tabia yao: havipendi joto. Ngozi ya mtu haina joto sawa kila mahali. Masikio, pua, vidole, viwiko, magoti, huko mwili umepoa, na huko ndiko vinakojenga. Kwapani, kichwani kwenye nywele, mahali penye joto, haviwezi kukaa. Dawa ipo, ya mwaka mzima, na akishaanza kumeza hatamwambukiza mtu."

"Na mkono?" aliuliza Tawhida. "Mkono utasikia tena?"

Daktari alikunja kitambaa mara nne kabla ya kujibu. "Huenda kidogo. Huenda usisikie. Tungemwona mapema... Kwa sasa vidole bado anavyo vyote kumi. Lakini akiendelea na tanuri, atavipoteza. Si ugonjwa utakaovikata, ni moto. Mkono usiosikia, macho ndiyo yawe ngozi yake."

Wakashika njia ya kurudi. Tawhida alihesabu Ijumaa. Mimi, alijiambia, nilikuwa nakushukuru, ee Mola, kwa maradhi. Mtoto wangu anaungua nami nasema mashaallah. Nimeona vya majirani wote, na hiki kilichokuwa kiganjani mwangu sikukiona.

Walipofika ndipo Rawhiya aliposema. Desturi yao ilikuwa kwamba wiki ya harusi bibi harusi huoka tanuri zima mbele ya mama mkwe, na mikate hiyo ndiyo inayotangulia kwenye nyumba ya bwana. Siku hiyo ya kuoka ilikuwa Alhamisi, na sasa ilikuwa Jumanne.

"Niache nioke hiyo Alhamisi tu, mama. Mara moja. Nikishaolewa nitasema nimechoka, nitatumia fimbo ya chuma kama wenzangu. Dawa nitameza kwa siri."

"Na kidole?"

"Kidole kimoja, mama! Mtu anaolewa kwa kidole kimoja? Wakijua, nani atanichukua? Utanioa wewe?"

Usiku Tawhida aliswali, na katika sijda yake hakupata neno la kuomba. Alikaa tu paji la uso likiwa kwenye mkeka, kama aliyesahau njia ya kuinuka.

Alhamisi jua lilipanda mapema, na mikate ikaumuka vizuri juani juu ya paa, kwenye visahani vyake vya udongo. Hajati Wasila alikuja na kikapu kikubwa na dada yake kutoka mji wa mbali.

"Nimemwambia aje ashuhudie kwa macho," alisema akijikalisha. "Haamini. Ananiita muongo tangu jana."

"Sikusema muongo," dada alisema. "Nimesema unapenda kutia chumvi."

"Basi leo utakula chumvi yenyewe. Rawhiya, binti yangu, mwonyeshe."

Tanuri lilikuwa limewaka hata mdomo wake umekuwa mweupe, na Insaf, aliyekuja kusaidia, alikuwa amekwisha kuitia mikate ndani kwa ubao. Rawhiya akakunja mkono wa gauni. Alimtazama mama yake mara moja, mtazamo wa mtu anayemwomba mwingine ageukie upande mwingine. Tawhida aliuona mkono ukinyanyuka. Aliona kidole kidogo, kilichojikunja kama kinachotaka kujificha nyuma ya wenzake. Akajikuta amesimama baina ya bintiye na moto, na joto likimchoma mgongo kupitia nguo.

"Hautaingia," alisema.

"Mama."

"Hauna baraka, Hajati. Mkono huu hausikii, ndiyo maana hauogopi. Mwanangu ni mgonjwa wa ukoma. Dawa ameanza juzi, na daktari amesema hatamwambukiza mtu. Lakini tanuri basi. Mimi ndiye niliyemwacha aungue miaka yote hii, nikisherehekea."

Dada wa Hajati alivuta upindo wa nguo yake, kidogo tu. Hajati Wasila alikigeuza kiganja chake, kile ambacho Rawhiya hukibusu kila anapoingia, akakitazama, halafu akaona haya kwa kukitazama, akakificha mapajani.

"Mungu amponye," alisema mwishowe. Aliinuka kwa kushika goti. "Nitazungumza na Zeidan." Aliyasema kwa sauti ya mtu afungaye mlango na hataki upige kelele. Kikapu alikichukua mkononi, kitupu.

Insaf aliitwaa ile fimbo ya chuma iliyopinda ncha, iliyokuwa imesimama ukutani miaka mingi bila kazi, akaanza kuvuta mikate mmoja mmoja. "Isiungue," alisema bila kumtazama mtu. "Ni dhambi." Alipomaliza akaifuta fimbo kwa kanga yake, akamwekea Rawhiya karibu na mguu, akaenda zake.

Ua ukabaki na wawili, na mikate iliyookwa kwa ajili ya nyumba nyingine.

"Umenimaliza, mama," alisema Rawhiya. Hakulia, sauti yake ilikuwa kavu kama bua.

"Najua."

"Hajati asiporudi?"

Tawhida alitaka kusema atarudi. Ulimi ukamkatalia. Akaketi chini mkekani, akavuta mkate mmoja kati yao, kwa kuwa tangu alfajiri hawakuwa wametia kitu tumboni, akaweka na kibakuli cha asali nyeusi ya miwa.

Rawhiya alikaa kitambo akiwa amempa mgongo. Kisha njaa, au uchovu, ukamgeuza. Alinyoosha mkono kuushika mkate, kama alivyozoea; mkono ukafika juu yake, ukasita hewani. Aliutazama mvuke. Aliinamisha uso karibu, akapuliza mara moja, akatazama tena, kama mtoto anayejifunza kujua saa.

"Umepoa?" aliuliza.

Tawhida aliweka kiganja chake juu ya mkate. Uliunguza. Hakukiondoa.

"Bado, mwanangu," alisema. "Bado kidogo."